Zimwi la Makumbusho na Mume Aliyerudi

Mpenzi msomaji, mwezi huu naomba uniruhusu nianze na filamu. Najua wengi mmezoea ukurasa huu uanze na meseji iliyokutwa kwenye simu, au mama mkwe aliyehamia bila taarifa. Visa hivyo vipo na vitarudi. Cha leo ni changu mwenyewe, na siwezi kukieleza bila zimwi.

Mwaka 2001 nilikuwa na miaka kumi na moja, tunaishi Lindi mjini. Mtaani kwetu kulikuwa na kibanda cha video, makuti ubavuni na mabati juu, joto la kufa mtu. Siku moja kaka zangu wakanilipia kiingilio, nikakaa mbele kabisa kwenye mkeka na watoto wenzangu. Filamu iliitwa The Relic, ya mwaka 1997, iliyoongozwa na Peter Hyams. Hayo ya mwongozaji nimeyajua ukubwani. Siku ile nilijua kitu kimoja tu: kuna jumba kubwa la makumbusho huko Chicago, na ndani yake usiku kuna kitu kinatembea na kung'oa vichwa vya watu.

Kama hukuiona, kisa chenyewe kiko hivi. Mtafiti mmoja wa makumbusho, John Whitney, yuko Brazil kwa watu wa msituni. Wanampa kinywaji chao, anakunywa. Baadaye masanduku aliyotuma yanafika Chicago, lakini yeye mwenyewe haonekani. Ndani ya masanduku kuna vipande vya sanamu na majani ya kufungashia, basi. Wenzake wanashangaa kidogo, kisha wanaendelea na kazi. Mlinzi anauawa. Askari mpelelezi anataka jengo lifungwe, wakubwa wanakataa kwa sababu kuna sherehe ya kufungua maonyesho na wafadhili wameshaalikwa. Si unawajua wakubwa na wafadhili. Taa zinazimika, watu wanafungiwa ndani, zimwi linaanza kazi.

Mwishoni Dk. Margo Green, anayechezwa na Penelope Ann Miller, anaingiza vinasaba vya zimwi kwenye kompyuta. Jina linalotokea ni la John Whitney. Zimwi ndiye yule yule waliyekuwa wakijiuliza yuko wapi. Nakumbuka mtafsiri wa kibanda alivyopaza sauti: "Jamani eeh, kumbe ni mwenzao!"

Nilirudi nyumbani mbio. Wiki nzima sikuthubutu kwenda chooni peke yangu usiku, maana choo kilikuwa nje. Bibi ndiye aliyekuwa akinisindikiza na kibatari. Usiku mmoja akaniuliza naogopa nini, nikamweleza. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Zimwi la kwetu walishalichukua Wadachi zamani. Wewe maliza tukalale."

MJUSI WETU

Maneno ya bibi niliyaelewa nilipofika sekondari. Mwaka 1906, Vita vya Maji Maji vikiwa bado havijaisha vizuri na njaa ikiwa imetanda kusini nzima, mhandisi wa Kijerumani aitwaye Bernhard Sattler alitoa taarifa ya mfupa mkubwa ajabu uliotokeza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru, kiasi cha kilomita 60 kaskazini-magharibi ya Lindi mjini. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin ikaleta msafara wake ukiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig.

Majina hayo mawili utayakuta katika kila kitabu. Walioshika majembe walikuwa watu wetu, mamia kwa mamia, wakisimamiwa na Boheti bin Amrani. Mifupa ilizungushiwa mianzi, ikabebwa vichwani, ile mizito ikaning'inizwa kwenye mti na kubebwa mabegani na watu kadhaa. Mwendo wa siku nne kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 ziliondoka namna hiyo. Bibi alikuwa akisimulia kwamba baba yake alibeba akiwa kijana, na kwamba mpaka anazeeka utosi wake ulikuwa hauoti nywele vizuri.

Mkubwa kuliko wote alisimamishwa Berlin mwaka 1937. Kimo chake ni mita 13.27, urefu unapita mita 22, na aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita. Janensch alimpa jina la Brachiosaurus brancai, siku hizi wataalamu wengi wanamwita Giraffatitan. Sisi tunamwita mjusi tu. Hata bungeni anaitwa mjusi kila inapozuka hoja ya arudi au asirudi.

Kwa hiyo utaona tofauti. Kwenye filamu, masanduku yalipeleka zimwi makumbusho na watu wakakimbia. Kwetu sisi masanduku yaliondoka na zimwi letu, na huko lilikokwenda watu wanalipa kiingilio kulitazama.

NIMEMKUTA NDUGU YAKO

Mume wangu si mtu wa kusini. Ni wa Moshi, mhandisi wa maji, mpole, mtu wa kupanga mambo yake. Mwezi Oktoba 2022 aliondoka kwenda Berlin kusoma shahada ya uzamili, miaka miwili, nusu kwa ufadhili na nusu kwa akiba yetu. Ofisi yake ilimpa ruhusa bila mshahara. Mtoto wetu alikuwa na mwaka mmoja na miezi.

Wiki ya pili akanitumia picha. Amesimama chini ya ile mifupa, koti kubwa, anaonekana mdogo kama kijiti cha kiberiti. Chini ameandika: "Nimemkuta ndugu yako wa Lindi. Anakusalimia sana." Nilikuwa kwenye foleni Mbagala, ndani ya daladala, nikacheka peke yangu mpaka abiria wa pembeni akanihamia mbali.

Baada ya hapo, msomaji wangu, nikafanya jambo ambalo wengine mtalikumbuka. Niliandika. Mwaka 2023 niliandika makala tatu humu humu kuhusu mapenzi ya mbali. Nikawapa siri za kulinda ndoa mwenza akiwa ng'ambo: panga saa ya simu, usiulize maswali ya kumvunja moyo, mtie nguvu, msifie mbele za watu. Mfano wangu alikuwa mume wangu. Nilimwandika anavyosoma usiku kucha kwenye baridi, anavyojinyima ili atutumie hela, anavyokaribia kumaliza. Barua zenu zilikuwa nyingi. Dada mmoja aliniambia kazini kwao makala ile imebandikwa ukutani.

Oktoba 2024 akarudi. Uwanja wa ndege tulikwenda watu tisa na maua. Mtoto wetu, ambaye sasa alikuwa na miaka mitatu, alijificha nyuma ya gauni langu, akasukumwa mbele, akanyoosha kamkono: "Shikamoo anko."

Watu wote wakacheka. Na yeye akacheka, akaitikia marahaba. Lakini mimi nilikuwa karibu, niliyaona macho yake.

MASANDUKU STOO

Aliyerudi hakuwa yule niliyemsindikiza. Alikula amesimama jikoni, haraka haraka, kama mtu anayeibia. Simu ikilia anashtuka. Usiku wa manane naamka naye hayupo kitandani, namkuta anaosha vyombo, taa imezimwa nusu, na anaviosha kwa kasi ambayo sijawahi kuona kwa mwanaume wala mwanamke. Mume wangu! Yule ambaye kabla ya safari alikuwa hajui sabuni ya vyombo inakaa wapi. Kazini alirudi kwenye nafasi yake ya zamani. Cheo alichoahidiwa kilikuwa kinasubiri cheti, na cheti kila nikiuliza kinakuja kwa posta.

Halafu yalikuwepo masanduku mawili aliyokuja nayo, ya chuma cha bati, yenye kufuli. Aliyaweka stoo nyuma ya magunia ya mkaa. "Vitabu tu," akasema. Miezi tisa, vitabu tu.

Mashoga zangu walishatoa hukumu: huko ana mwanamke, labda na mtoto wa rangi mbili. Na mimi, mshauri wenu wa ndoa, niliamini. Siku mbili tofauti nilisimama stoo na bisibisi mkononi. Sikuyafungua. Ningependa kukwambia ni kwa sababu ya heshima. Ukweli ni kwamba niliogopa, kama nilivyoogopa choo cha nje mwaka 2001.

SAFARI YA LINDI

Bibi alifariki mwishoni mwa Mei 2025. Arobaini ikaangukia Julai, tukafunga safari, mtoto tukamwacha kwa wifi. Tukapita Kibiti, Ikwiriri, daraja la Mkapa, pale Nangurukuru tukakata kushoto kwenda kulala Kilwa Masoko. Asubuhi tukavuka na boti kwenda Kilwa Kisiwani kuona msikiti mkuu na Husuni Kubwa. Nilitaka tutembee kidogo kama zamani tulipokuwa wachumba.

Mtembezaji wetu, kijana wa pale pale kisiwani, alitueleza Vasco da Gama alivyokuja mwaka 1502 na kumlazimisha mtawala wa Kilwa atoe dhahabu. Ureno waliifua dhahabu hiyo kuwa chombo cha kanisa, kikakamilika mwaka 1506, na mpaka leo kipo makumbusho huko Lisbon. Mume wangu akasema polepole, "Kila kitu cha kwenu kinakaa makumbusho ya watu." Nikamjibu kwa ukali ambao haukuhusiana na dhahabu: "Na wewe je, umekaa wapi?" Kijana wa watu akajifanya anatazama mbuyu.

Hatukusemeshana mpaka Lindi.

Baada ya arobaini mjomba akatuona tulivyo, kila mtu na pembe yake ya ukumbi. Mjomba si mtu wa maneno mengi. Akamwita mume wangu: "Mkwe, wewe umemwona yule mjusi. Mimi nimezaliwa hapa na sijamwona. Kesho ninyi wawili nendeni mkatazame alikotoka, mje mnihadithie." Mume wangu akasema, "Sawa mjomba." Ukishaambiwa hivyo na mjomba, utakataaje?

Tukakodi gari dogo la mizigo, dereva na kijana wa kutuonyesha njia. Barabara ya vumbi, kisha kinjia, kisha majani mapana yanayokwangua milango. Siku ile tulipofika hapakuwa na jumba wala geti. Kilima, miti ya miombo, majani makavu na upepo. Nilikaa juu ya jiwe nikajiuliza: hapa ndipo? Tani zote zile?

Nikamwuliza, kwa sababu ilibidi niseme kitu, "Akiwa amesimama anaonekanaje?"

Akaanza kueleza. Alisema ukiingia tu, jengo liko mtaa wa Invalidenstraße, unakutana naye uso kwa uso ukumbi wa kwanza, juu ya kichwa chako kuna paa la kioo. Alisema miguu ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma. Alisema wengi hawajui kwamba yule si mjusi mmoja: ni mifupa ya wanyama zaidi ya mmoja iliyounganishwa, na palipopungua wamejaza kwa plasta. Alitaja mwingine mdogo anayeitwa Australodocus bohetii, jina alilopewa mwaka 2007 kwa heshima ya Boheti wetu, na mwingine aliyeitwa Wamweracaudia keranjei mwaka 2019, kwa heshima ya Wamwera na ya Mohammadi Keranje aliyekuwa kwenye uchimbaji. Aliongea kama mfanyakazi wa pale.

"Mbona unajua hivyo? Ulikwenda mara ngapi?"

"Kila Jumapili."

"Kila Jumapili kwa miaka miwili?"

Akanyamaza. Kisha akasema, "Mke wangu, mimi sikumaliza."

Alisema kila kitu pale, akitazama chini. Alianguka mitihani miwili mwaka wa kwanza, akarudia mmoja akaanguka tena. Ufadhili ukakatwa. Hiyo ilikuwa Septemba 2023. Mwaka mzima uliofuata alikuwa anaosha vyombo kwenye mgahawa, usiku, anakula amesimama maana muda hautoshi. Zile hela alizokuwa akituma, zilizolipa ada ya chekechea, zilitoka kwenye masufuria. Jumapili ilikuwa siku yake ya mapumziko, na alikwenda kukaa chini ya mjusi kwa sababu, alisema, "ndiye peke yake mji mzima niliyejua kwao."

Nikamwuliza lile swali ambalo na wewe ungeuliza. Kwa nini hukuniambia?

"Uliniandika kwenye gazeti," akasema. "Nilipigiwa simu na watu wa nyumbani wananipongeza wiki ile ile niliyopata barua ya chuo. Nilikuwa nasoma makala yako kwenye simu, nyuma ya mgahawa, mikono inanuka mafuta. Yule mtu uliyemwandika alikuwa mzuri sana. Nikaona kukwambia ni kumbomoa."

Msomaji wangu, kulia nililia. Lakini sikulia kwa ajili yake tu. Nilikumbuka saa zetu za simu nilizozipanga kwa usahihi. Dakika kumi na tano, mtoto anapunga mkono, namuuliza masomo yanaendaje, anasema vizuri, nasema hongera, basi. Miaka miwili sikumwuliza leo umekula nini. Niliokota vipande vizuri alivyonipa, palipopungua nikajaza mwenyewe, nikamsimamisha mrefu watu wamtazame. Na hasira nilikuwa nayo pia, nisikudanganye. Akiba ile ilikuwa ya wote wawili. Miezi tisa ya uongo wa posta ni miezi tisa. Nilimwambia hayo yote pale pale, kwa sauti kubwa, mpaka dereva akawasha redio.

Jioni mjomba alituuliza, "Haya, mmeona nini?" Mume wangu akajibu, "Hakuna kitu, mjomba. Shimo tu na majani." Mjomba akatutazama macho yetu mekundu, akaitikia, "Enhe," akatuita tule.

KUFUNGUA

Tuliporudi Dar tuliyafungua masanduku, usiku, mtoto amelala. La kwanza lilikuwa na vitabu kweli. La pili lilikuwa na aproni mbili, viatu vya mpira vya jikoni, barua za chuo zilizokunjwa, na tiketi za makumbusho zimefungwa kwa mpira. Chini kabisa kulikuwa na mjusi mdogo wa plastiki aliyemnunulia mtoto, hakuwahi kumpa kwa sababu alihofia kuulizwa habari za Berlin. Asubuhi akampa. Mtoto anamwita Anko. Baba yake siku hizi anaitwa baba, alishapanda daraja.

Sitakudanganya kwamba mambo yamenyooka. Alikwenda mwenyewe kwa bosi wake kusema ukweli. Cheo kimekwenda kwa mtu mwingine, na kuna watu ofisini wanamwita "Profesa" akipita. Akiba yetu tunaanza upya. Zipo siku namtazama na yale maneno "kinakuja kwa posta" yananirudia, nahama chumba. Lakini anakula amekaa. Na vyombo tunaosha wote, ingawa mimi kasi ile siiwezi.

Wiki iliyopita tuliitafuta The Relic tukaiangalia sebuleni, mimi na yeye. Zimwi lenyewe haliogopeshi tena kama zamani. Safari hii nilimtazama John Whitney pale mwanzoni, kabla hajabadilika. Anahangaika bandarini, anataka masanduku yake yashushwe, hakuna anayemsikiliza. Baadaye wenzake wanayapokea masanduku, wanahesabu mali, na maisha yanaendelea. Anapokuja kugunduliwa, tayari amekuwa kitu cha kupigwa risasi na kuchomwa moto.

Kwa hiyo nina deni nanyi, hasa ninyi mliobandika makala yangu ukutani. Nilisema usiulize maswali ya kumvunja moyo mwenza wako. Naomba mlifute. Muulize. Muulize amekula nini, na amekula na nani, na siku ya mapumziko anakwenda wapi, na akisema "vizuri" muulize tena. Nilisema msifie mbele za watu. Hilo nalo lifute kwanza, mpaka umemwuliza kama anataka. Mengine ya saa za simu mnaweza kuyaacha, ila dakika kumi na tano hazitoshi.

Mume wangu ameisoma makala hii kabla yenu. Safari hii nilimwomba ruhusa. Aliisoma akiwa amekaa, akarekebisha sehemu mbili, ya kimo cha mjusi na ya idadi ya mitihani, akanirudishia. "Chapa," akasema. "Hakuna plasta."